Kosa Langu Lililopendwa Osaka

Jumatatu, 8 Juni 1981
Balaa! Keshokutwa mchezo wetu wa video wa kutungua vyombo vya angani unapelekwa mgahawani kujaribiwa, na leo limeonekana kosa langu la programu. Maadui wakizidi ishirini kwenye skrini, mashine inalemewa na risasi zinaelea kama mapovu ya sabuni. Bosi Nakanishi akauliza nani kaandika sehemu ile. Mdomo ukanitangulia: Tsubouchi. Kijana huyo, mwenzangu wa programu, alikuwa katoka kutununulia chakula. Akaniletea takoyaki, zile donge za unga zenye pweza ndani, bila tangawizi, kama nipendavyo. Nimezimaliza. Zote nane.

Jumatano, 10 Juni
Mgahawani, nimejificha nyuma ya gazeti. Nasubiri wazomee. Foleni hadi mlangoni! Karani mmoja kaacha kahawa ikapoa. Risasi zilipoanza kuelea akapiga kelele: "Hapa ndipo patamu! Unapata kupumua!" Mama mwenye mgahawa akauliza nani fundi wa hapo patamu. Nikageuza ukurasa. Gazeti lilikuwa juu chini.

Alhamisi, 11 Juni
Bosi kamwinua Tsubouchi mbele ya ofisi nzima, kumsifu kwa risasi zile. Makofi. Nami nikapiga. Tsubouchi akasema sehemu ile si yake kabisa. Bosi akasema, "Mnauona unyenyekevu huo?" Makofi tena! Ataongoza mchezo ujao.

Ijumaa, 12 Juni
Nimeshindwa kuvumilia. Nimempelekea bosi daftari la sehemu ile: mwandiko wangu, muhuri wa jina langu. Nilitarajia anikumbatie. Akasoma taratibu, akauliza: "Kwa hiyo, Kuramochi, likiwa baya ni la Tsubouchi, likiwa zuri ni lako?"
Nikageuka. Tsubouchi alikuwa mlangoni. Angenitukana ningeshukuru. Niliinama mpaka paji la uso likagonga meza.

Jumatatu, 15 Juni
Nimeungama mbele ya wote. Hakuna aliyepiga makofi. Baadaye Tsubouchi akaninong'oneza, "Kaka Kuramochi, ungeniambia tu. Tungelirekebisha pamoja." Sauti ya upole! Nimekaa msalani nusu saa, sijui niuweke wapi uso wangu. Nimeapa: sitamsingizia mtu tena.

Jumatano, 17 Juni
Bosi kamwachia Tsubouchi uongozi, naye kanichukua kwenye kundi lake, pamoja na yote! Wema huu lazima niulipe. Kwa kuwa watu wanapenda makosa yangu, nimetia matatu mapya katika mchezo wake, kimyakimya. Meli moja inarudi kinyumenyume. Muhuri wangu sijaugonga bado; tuone kwanza wateja watasemaje. Wakizomea, Igarashi, fundi wetu wa sauti, yuko likizo hadi Ijumaa; hayupo wa kukana.