Twisheni ya Kangumi

Jumatatu, 3 Machi

Ukoo huu mzima umesimama juu ya mabega yangu. Nikipiga chafya, watu wanaulizana kama kuna msiba. Leo mpwa wangu kanikabidhi kazi nyeti: kumpeleka mwanawe kwenye darasa la michezo ya watoto wachanga. Yeye likizo ya uzazi imekwisha, karudi kazini. Mtoto ana miezi minane na hafungui viganja. Kitu kigeni kikimgusa, anakunja ngumi na kulia. Ndiyo maana namwita Kangumi. Nesi kasema si ugonjwa, ila azoeshwe vitu vya kuloa, kukwaruza na kuteleza. Eti mtoto husoma kwa ngozi kabla ya kusoma kwa macho. Nililijua hilo zamani. Sikuulizwa tu.

Wifi yake mpwa wangu alikuwapo. Kasema mtoto si wa kuachiwa mtu wa porojo. Wamekubaliana: Jumamosi wakija darasani wasione mabadiliko, kila asubuhi mtoto atakaa na wifi. Nimecheka. Moyoni sikucheka. Tangu karakana niliyofanyia kazi ifungwe, asubuhi zangu ni Kangumi tu.

Jumanne, 4 Machi

Chumba cha mikeka na mabeseni. Beseni la maji ya vuguvugu, la mchele, la tambi zilizochemshwa, la jeli nyekundu inayotikisika kama ina roho. Nimekaa kwenye kiti, mikono kwapani, kama mkaguzi. Nimeuliza mtihani ni lini. Mwalimu, binti mpole, kasema hakuna mtihani. Nani namba moja? Hakuna namba. Nimemwonea huruma, anaficha siri. Darasa lisilo na namba moja ni kijiwe.

Na namba moja yupo, nimemwona. Mjukuu wa bibi mmoja mwenye majivuno. Lile toto linajitosa kwenye tambi hadi mabegani. Bibi kaniuliza kama wa kwangu kalala macho wazi. Kangumi alikuwa anatazama dari, ngumi kifuani. Nimemjibu kwamba papa hashindani na dagaa. Kasema kumbe papa naye huvaa nepi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeanzisha twisheni nyumbani. Sinia la unga, sponji, kitambaa cha maji. Nimemkunjua kidole kimoja kimoja na kumchovya. Kalia mpaka jirani kagonga ukuta. Nikambembeleza kwa kisa cha siku nilipomvuta mamba mkia na mamba akaomba msamaha. Kalala somo likiwa katikati. Unga umeingia kwenye redio.

Alhamisi, 6 Machi

Hila. Mwalimu alipogeuka, nimeficha ndizi mbivu iliyopondwa chini ya tambi za Kangumi. Nani atakataa ndizi?

Hakukataa mtu. Watoto wote wamekuja kama nzige. Namba moja kamkalia Kangumi mguu. Beseni limepinduka, tambi zimemwingia bibi shingoni. Kangumi kalia hadi pumzi ikakwama.

Mwalimu hakunifokea. Kasema, Babu, tangu Jumanne mikono yako iko kwapani, na huyu anakutazama wewe. Usimshike mkono. Cheza wewe, atakuja mwenyewe akitaka. Nimemweleza kwamba mimi ni mtu mwenye heshima zangu. Kasema basi heshima ikae kwenye kiti, wewe shuka chini.

Jioni nimemwambia mpwa wangu kwamba mtoto kashika namba mbili. Kasema, Mjomba, mimi sitaki namba. Nataka nikimbeba anishike.

Nimekwenda kupangusa unga kwenye redio.

Jumamosi, 8 Machi

Mpwa wangu kaja darasani, na wifi yake nyuma, mkoba kifuani kama hakimu. Nimeshuka mkekani. Magoti yamelia kuliko mtoto. Nimechovya vidole kwenye jeli.

Mimi nimewahi kulala chumba kimoja na chui, lakini jeli ni kitu kingine. Nimepiga ukelele. Kangumi kageuka. Nimechovya tena, ukelele mwingine. Kacheka. Nikaweka kiganja chekundu mkekani na kukiacha hapo. Kakitazama sana. Kisha ngumi ikalegea, kama mtu anayefungua mlango hajui nani anabisha. Kidole kimoja kwenye jeli. Halafu vyote. Akafinya.

Mama yake alipombeba, Kangumi kaukamata ukosi wa blauzi kwa mkono uliojaa jeli, hakuachia. Blauzi ya kazini. Mpwa wangu hakuifuta.

Wifi kasema haya, mtoto aendelee na Mjomba, ila Mjomba apunguze kelele.

Jumapili, 9 Machi

Nimechambua ushindi wangu. Siri ilikuwa twisheni ya Jumatano. Mwalimu kasaidia kidogo, sikatai. Kesho naanza somo la kutambaa, tumwachie yule wa bibi vumbi. Na ndizi safari hii nitaificha vizuri zaidi.

Jambo moja sitamwambia mtu. Jana Kangumi alisinzia begani kwa mama yake, wakatoka wote kunisubiri nje. Mwalimu akakunja mikeka, ukabaki niliokalia. Akaniomba beseni la jeli akalioshe. Nikamwambia bado kidogo, vidole vyangu vikiwa bado ndani.