Mikunga wa Kijito cha Mangaroto

Jumatatu, 11 Machi
Mvua. Mkuu wa kitengo anastaafu! Halmashauri ya mkoa inatafuta mtu wa kusimamia ukaguzi wa visima vyote vya gesi. Nani mwingine kama si mimi, Selwyn Frayling? Mpinzani ni mmoja tu, Hinewai, mzaliwa wa huku huku, mwenye kimbelembele cha kupenda kazi. Mpango: visima vyangu visitoe kasoro hata moja. Wakubwa hupenda usingizi.

Leo zamu ya Mangaroto. Maji ya mvua ya kisimani hupita kwenye shimo la kunasa mafuta, kisha bomba huyamwaga kijitoni. Shimo limefurika, juu linameta rangi rangi. Linapendeza, kwa kweli. Sheria inataka nichote maji chini ya bomba. Huko ni tope tupu, na fahali wa mkulima Alldis alinikazia macho. Nikachota juu zaidi kijitoni, maji ya bomba yasikofika. Safi kabisa! Yangekosaje?

Alhamisi, 14 Machi
Balaa. Mikunga wa kijitoni, wale samaki kama nyoka, wamekufa. Ndiyo kwanza walikuwa wanashuka baharini, wamenona, warefu kama mkono wa mtu. Sasa wanaelea matumbo juu kuanzia bombani hadi darajani. Harufu! Ukoo wa Mzee Tamahou umewavua hapo tangu enzi za mababu.

Nilipofika, Hinewai alikwisha kufika, tope mapajani, anachota chini ya bomba. Nikamwambia ni mavi ya ng'ombe tu.

“Siku hizi mavi yananuka dizeli, Selwyn?”

Hakucheka. Mzee Tamahou, aliyesimama ukingoni, akaniuliza kama Jumatatu nilipita. Nikasema nilipita. Akauliza niliona nini. Nikasema niliona fahali.

Ijumaa, 15 Machi
Mpango wa pili. Nimemwambia mkuu kwamba bwawa la samadi la Alldis limepasuka. Wakulima hupasua mabwawa kila mwaka, nani angebisha?

Alldis mwenyewe! Kaingia ofisini na mabuti yake, akasimama mbele ya watu wote.

“Bwana mkaguzi, bwawa langu limepasuka wapi? Twende unionyeshe nizibe.”

Tukaenda. Kuta nzima, nyasi kavu pande zote. Mkuu akamwomba Alldis radhi.

Jumatatu, 18 Machi
Mke wa Mzee Tamahou, Bibi Mereana, amefariki hospitalini jana. Alikuwa mgonjwa tangu kiangazi. Wageni wanamiminika kutoka kila upande, na kwa desturi yao wageni hulishwa mikunga wa mto ule ule. Ukoo unaoshindwa kuwalisha waombolezaji chakula chake huinamisha kichwa.

Wazo! Nikanunua mjini mikunga waliokaushwa kwa moshi, boksi zima. Wakubwa wa halmashauri wangekuwepo msibani, wangeniona. Nikaingia nalo jikoni. Kumbe Hinewai marehemu ni shangazi yake. Alikuwa anamenya viazi, macho mekundu. Akaendelea kumenya.

Mzee akaja, akainua mkunga mmoja, akamnusa.

“Wa wapi huyu, mwanangu?”

Nikasema wa mjini.

“Asante. Wageni watakula.” Akamrudisha taratibu. “Mereana aliniuliza juzi kama wameanza kushuka. Nikamwambia ndiyo, mto umejaa. Miaka yote ile sikuwahi kumdanganya. Nimekuja kumdanganya kitandani, kwa sababu ya maji yenu.”

Nikamwambia pole sana, na kwamba uchunguzi unaendelea. Wanawake wote wakaacha visu. Kifua kilinibana hadi nyumbani. Nadhani ni ule moshi wa jikoni.

Halafu wakubwa walikaa upande wa pili. Hakuna aliyeniona na boksi!

Jumatano, 3 Aprili
Majibu ya maabara. Maji ya Hinewai: mafuta. Maji yangu: safi kama ya chemchemi. Mkuu akauliza inawezekanaje. Nikasema labda yangu yalikuwa na bahati. Akaniomba nikabidhi funguo za gari la ofisi.

Kampuni ya gesi imepewa onyo. Kazi kapewa Hinewai. Nilimpongeza mlangoni. Akasema angeitupa kazi hiyo baharini kama hilo lingempatia shangazi yake kipande kimoja cha mkunga wa kwao kabla hajafa. Huyo ndiye kiongozi? Hana hamu hata na cheo!

Jumatatu, 8 Aprili
Nimeajiriwa! Kampuni ya kisima kile kile. Mshauri wa mazingira! Walisema wanahitaji mtu anayekijua kijito. Hinewai sasa atalazimika kusoma taarifa zangu, apende asipende.

Kikao cha kwanza nikatoa wazo mimi mwenyewe, bila kuulizwa. Mangaroto haina samaki tena. Pasipo samaki, hakuna wa kufa, na pasipo wa kufa, hakuna wa kulalamika. Huu ndio wakati wa kuongeza bomba la pili.

Wakatazamana. Nikadhani nimeharibu. Kisha mkurugenzi akainuka, akanishika mkono, akasema watu wenye upeo kama wangu ni adimu.

Mafundi wanaanza kuchimba Ijumaa.