Masomo ya Tumboni kwa Njia ya Bomba

Jumatatu, 3 Februari
Mke wangu ana mimba! Wiki ya saba. Nimefurahi hadi nimemfungia mteja koki kichwa chini. Tatizo ni shemeji, kaka wa mke wangu, aliyekuja kwa siku mbili mwaka jana na bado analala kwenye kochi letu. Ametangaza kuwa mtoto atampenda mjomba kuliko mtu yeyote. Thubutu! Mwanangu lazima aijue sauti yangu kwanza. Mimi ni fundi bomba. Nimeunga faneli na bomba la nusu inchi, nikaelekeza tumboni. Somo la kwanza: mimi ndiye baba.

Jumamosi, 15 Februari
Kliniki. Muuguzi amesema bado ni kiinitete, ukubwa wa harage. Moyo unadunda, vidole vinachomoza, na chakula anakipata kwa mama kupitia kitovu. Kumbe naye ana bomba lake! Damu ya fundi haipotei. Nikauliza kama anafuata masomo. Akasema, baba, masikio ndiyo kwanza yanaumbwa, kusikia ni hadi mwezi wa tano wa mimba hivi, subiri. Nisubiri? Mimi nasikia bomba likivuja ndani ya zege! Mke wangu amelalamika kuwa faneli ni ya baridi. Nimeipasha moto.

Jumapili, 6 Aprili
Masomo yamekwisha. Nimemfundisha sauti yangu, timu yangu, na kwamba mjomba si mtu wa kuaminika. Sasa anaitwa kijusi, ana kucha na anajinyoosha. Mtu kamili. Kuanzia leo nanyamaza, asije akachanganyikiwa. Shemeji hajui lolote. Kutwa yuko kando ya dada yake akibishana mpira kwenye simu. Mwache apayuke.

Jumatano, 11 Juni
Muuguzi amesema sasa mtoto anasikia, niongee naye. Nimetabasamu tu. Wangu alishahitimu. Mke wangu anasema mtoto hupiga teke kila shemeji anaposhangilia goli. Maskini, anakerwa.

Alhamisi, 25 Septemba
Amezaliwa! Msichana. Nimelia mbele ya muuguzi na sioni aibu. Nikamwinamia, nikasema mimi ndiye baba. Akaangua kilio. Nikarudia kwa sauti ya darasani. Akazidisha. Shemeji akaingia na simu sikioni, akibisha kwamba mshambuliaji hakuwa ameotea. Kimya! Mtoto akatulia, akageuza kichwa kule sauti ilikotoka. Imeniuma, sifichi. Nilipomsimulia muuguzi masomo yangu, akasema nilifundisha wakati hana masikio, nikanyamaza alipoyapata. Akanisihi niongee naye sasa, atanizoea.

Jumamosi, 27 Septemba
Nimewaza sana. Kosa nimelipata: nusu inchi! Bomba jembamba, sauti ilikwama kwenye kona. Mtoto wa pili atapata inchi nzima, na masomo yataanza mapema zaidi. Mke wangu ameuliza mtoto wa pili yupi. Nimemwomba anishikie faneli nipime.

Huyu wa sasa simsemeshi kwanza, asichanganyikiwe. Amelala kifuani kwa mjomba wake, wanasikiliza mpira.