Namba Nane Aomba Azomewe

Habari yenyewe ilikuwa imebandikwa kwenye lango la nyuma la chuo tangu Jumapili: timu ya wasichana ya mpira wa kikapu imeshinda, arobaini na nane kwa arobaini na saba, na imeingia nusu fainali kwa mara ya kwanza. Karatasi ile niliichapa mimi. Kibanda changu cha kuchapa barua na kutoa nakala kinatazamana na lango hilo, na kati yangu na saluni ya kinyozi kuna benchi moja refu ambalo haliachwi tupu kuanzia asubuhi mpaka jua linapogeuka.

Jumatatu ile walikuwapo wale wale. Kulikuwa na Refa, mwenye saluni, ambaye hajawahi kuchezesha mchezo wowote ila anahukumu kila kitu kinachopita barabarani, hata mbuzi. Kulikuwa na Takwimu, karani mstaafu wa idara ya maji, anayeandika matokeo yote kwenye daftari lenye jalada gumu na kuyasoma kama hukumu ya mahakama. Kulikuwa na Shangazi, muuza kahawa, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu, lakini ukimwita vingine kahawa hupati. Mimi wananiita Katibu, maana barua za mtaa mzima zinapita mikononi mwangu.

Mgeni angetusikiliza angedhani tumefungwa kwa pointi thelathini. Refa alikuwa amemkalisha fundi umeme mmoja kwenye kiti nje ya mlango, kamjaza povu usoni, na kwa kila wembe anaoupitisha alikuwa anatoa kosa jingine la timu. Alisema wasichana wetu wanakaba kama wanawapisha wageni sebuleni. Alisema wanapasiana mpira kama kila mmoja ameambiwa una ugonjwa. Yule fundi umeme alijaribu kuuliza kama si kweli kwamba tumeshinda, Refa akampaka povu mdomoni na mjadala ukaendelea.

Takwimu akafungua daftari. Mitupo huru, alisoma, ile mtu anayopewa baada ya kuchezewa rafu: ishirini na miwili, iliyoingia saba. Kati ya hiyo, namba nane peke yake alipewa minane akafunga mmoja, na miwili ya mwisho aliikosa zikiwa zimebaki sekunde nne. Kama wapinzani nao wasingegonga chuma kwenye shambulio lao la mwisho, tungekuwa tunazungumza mengine.

Hapo ndipo Refa alipopata njia.

Na hapo hapo ndipo binti mmoja mrefu aliponijia dirishani, amevaa sketi ndefu na miwani, mkoba wa vitabu begani. Alinipa karatasi iliyoandikwa kwa mkono. "Naomba unichapie hii, kaka. Iwe ya heshima."

Nikaanza kuipiga huku naisoma. Mstari wa kwanza ulimsalimu kocha. Wa pili ulisema: naomba jina langu liondolewe kwenye kikosi kabla ya nusu fainali, kwa sababu sitaki timu ifungwe kwa ajili yangu. Chini kulikuwa na sahihi, na chini ya sahihi: jezi namba 8.

Nilikohoa. Refa aliniuliza kama nataka maji, kisha akaendelea. Nikamkonyeza Takwimu, mara mbili, mara tatu. Takwimu akanishauri kwa upole nikapime macho, kwamba na yeye yalimwanza hivyo hivyo. Yule binti alikuwa amesimama kimya, anatazama mashine yangu kama mtu anayesubiri basi, na Refa yuko hatua tatu nyuma yake, wembe hewani.

"Mtupo huru ni kazi ya kitoto," Refa alikuwa anasema. "Hakuna anayekukaba. Hakuna anayekusukuma. Umesimama peke yako, umepewa mpira mkononi kama mtoto anavyopewa kikombe cha uji. Ukikosa hapo, hata mlango wa kwenu huwezi kuupata bila kushikwa mkono."

Binti akageuka. "Samahani, mjomba. Wewe ukipewa kumi unafunga ngapi?"

Refa alitazama vidole vyake. "Nane," alisema. Akafikiri kidogo. "Tisa, kama nimekula."

"Uwanja uko wazi saa hizi. Mpira naweza kuutoa stoo."

Mtu mwenye akili angecheka akabadilisha mazungumzo. Lakini Shangazi alishafunika birika na kusimama, na Shangazi akisimama benchi zima linasimama. Tulivuka barabara tukapita langoni: binti mbele, Refa amekunja mikono ya shati, Takwimu na daftari kwapani, Shangazi na birika lake, mimi nimeacha karatasi kwenye mashine nusu imechapwa. Nyuma yetu alikuja yule fundi umeme, taulo shingoni, upande mmoja wa uso umenyolewa na upande mwingine una povu linalokauka.

Uwanja ni sakafu ya saruji, mistari imefutika nusu. Ukiwa jukwaani, umbali kutoka mstari wa mitupo huru mpaka kwenye kikapu unaonekana kama wa kumrushia mwenzio kitambaa. Ukisimama pale mwenyewe, kikapu kinapanda. Sijui nielezee vipi, lakini kinapanda.

Mpira wa kwanza wa Refa haukufika hata kwenye wavu. Wa pili ulipita juu ya ubao na kutua kwenye bustani ya mkuu wa chuo, ikabidi fundi umeme aufuate. Wa tatu alisema upepo. Wa nne alisema mpira una kilo nyingi. Kuanzia wa tano hakusema tena. Kumi ilipokwisha, Takwimu alilamba ncha ya kalamu akaandika sifuri. Refa alimwomba asiandike, kwamba yale yalikuwa mazoezi, na Takwimu akamjibu kuwa daftari halina urafiki. Zamu yake ilipofika, yeye mwenyewe alipata mmoja, akauandika kwa maandishi makubwa kidogo. Mimi sikupata hata mmoja. Fundi umeme akapata miwili, na taulo halikuanguka.

Refa alikuwa anajifuta jasho. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alizungumza taratibu. "Mnanitazama sana," alisema. "Mtu akitazamwa mikono inakuwa ya mtu mwingine."

Binti akacheka. Kicheko kilimtoka kama hakukitegemea. "Watano tu, mjomba. Jumamosi walikuwa mia nne nyuma ya ubao, wanapiga masufuria na kuitaja miguu yangu."

Takwimu alishusha miwani yake, akaipandisha, akamtazama binti kuanzia viatu mpaka kichwani. "Wewe ndiye namba nane," alisema.

Nimemwona Refa akikata masikio ya watu kwa bahati mbaya, nimemwona akimnyoa mtu mtindo usio wake siku ya harusi, na siku zote maneno hayakumpungukia. Pale alikosa. Mwishowe alisema kuwa yale ya mlango wa nyumbani yalikuwa ni mfano tu, na kwamba hata yeye kuna siku alipotea njia ya kwao. Binti alimwambia asijali, kwamba yeye amejiambia mabaya zaidi akiwa kitandani, na ya Refa angalau yalikuwa na uchekeshaji ndani yake.

Kisha alisimama mstarini, akadunda mpira mara tatu, akarusha. Ukaingia. Akarusha mwingine ukaingia, na mwingine. Takwimu alihesabu minane kati ya kumi. Tukapiga makofi, lakini yeye hakufurahi.

"Nikiwa peke yangu ndivyo inavyokuwa," alisema. "Shida ni kelele. Kocha nilimwomba anitafutie kelele, akawaambia wenzangu wanizomee. Wananipenda mno. Wakianza tu wanacheka, mwishowe wananikumbatia." Aliuzungusha mpira mikononi. "Ninyi mnaweza. Nimewasikia leo, mnaweza vizuri sana. Naomba mnizomee."

Hilo lilikuwa ombi ambalo benchi letu lilikuwa limelingojea miaka, na hatukujua la kufanya nalo. Alisimama mstarini akatusubiri. Takwimu alinitazama mimi, nikamtazama Refa. Refa akasogea mbele, akavuta pumzi, akanyoosha kidole.

"Namba nane," alisema. Akameza mate. "Habari za masomo?"

Shangazi akaweka birika chini. Ni mwanamke aliyekaa sokoni miaka thelathini na kulea mabinti sita, na asubuhi yote ile hakuwa amesema neno juu ya timu. Alijifuta mikono kwenye kanga, akatembea mpaka chini ya kikapu, akageuka.

"Wewe mrefu! Huo mpira umeushika kama umeokota mtoto wa watu. Mrudishie mama yake, anamtafuta."

Mpira uligonga ukingo wa ubao ukaenda mbali. Shangazi hakungoja. Alimwuliza kama hiyo miwani ni ya kuonea au ya kuficha aibu. Alimwambia kwamba urefu ule Mungu alimpa ili afikie kabati la juu, sio ili asumbue watu wazima. Aligusia kisogo, mwendo, na namna anavyopumua. Mitupo minne ya mwanzo ilipotea yote, na nikaanza kuogopa kwamba tunamuua mtoto. Lakini kwenye wa tano aliinama akacheka mpaka akashika magoti. Alipoinuka akadunda mara tatu, akafunga. Kufikia wa nane Shangazi alikuwa amefika kwa mume atakayemkimbia, na binti hakupepesa hata jicho. Takwimu akaandika: mitano kati ya kumi.

Refa alimtazama Shangazi kama mwanafunzi. Akamwuliza kwa heshima maneno yale huwa anayatoa wapi, Shangazi akamjibu kuwa hayatoi, anayazuia.

Tukiwa tunatoka nilimwuliza binti kama barua niimalizie.

"Iache kwanza, kaka," alisema. Tulipofika langoni akaongeza: "Au nichapie nyingine. Kwa mkuu wa chuo. Ya kuombea ruhusa wazee wanne waingie uwanjani kila siku saa saba mchana."

Nimechapa barua za posa, za kuomba kazi, za kujiuzulu, na moja ya kumfukuza paka wa jirani. Hiyo ilikuwa ya kwanza kuomba kibali cha kumtukana mtu. Jibu lilirudi keshoye likiwa na mhuri: wazee wanaruhusiwa, kwa sharti kwamba mazomeo yazingatie staha na yasivuruge vipindi. Fundi umeme alirudi kumaliziwa ndevu zake, akasikia habari, akaomba naye ahesabiwe.

Wiki mbili tulikwenda kila siku. Saluni ilifungwa saa saba na wateja wakazoea. Refa aliiva polepole. Alikuwa anaandika maneno kwenye vipande vya karatasi kati ya kichwa na kichwa, akija uwanjani anayasoma, na siku ya tano aliweza kusema moja bila karatasi, akalala usingizi mzuri. Fundi umeme alikuwa anabomoa mdundo kwa kupiga sufuria vibaya kwa makusudi. Ila aliyemuumiza zaidi, binti alituambia, alikuwa Takwimu. Wengine wote walipiga kelele, yeye alisimama tu nyuma ya ubao na kusoma kwa sauti ya kawaida: "Tangu Jumatatu umekosa mia moja na tisa." Siku binti alipofunga tisa kati ya kumi huku Takwimu anasoma, hata Shangazi alijisahau, akamwita mwanangu, kisha akakumbuka kazi yake na kumkaripia.

Nusu fainali ilikuwa Jumamosi mchana, uwanjani kwetu, na wapinzani walikuja na mabasi mawili ya mashabiki. Sitasimulia robo zote nne. Inatosha kusema kwamba zikiwa zimebaki sekunde sita tulikuwa nyuma kwa pointi moja, msichana wetu mmoja akaangushwa chini ya kikapu, na alipoinuka tukaona mgongoni ni nane.

Mashabiki wa mabasi mawili wakakimbilia nyuma ya ubao. Refa alifunika macho kwa kofia yake, akamwomba Takwimu amsimulie. Takwimu alikuwa amefunga daftari, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada. Shangazi alinishika mkono akaufinya mpaka leo kuna alama.

Binti alidunda mara tatu. Aliwatazama wale watu nyuma ya ubao, kichwa kimeinama upande kidogo, kama mtu anayejaribu kusikia simu mahali penye mtandao mbovu. Akarusha, ukaingia. Wa pili uligonga chuma, ukazunguka ukingoni kwa muda ambao ningeweza kuchapa ukurasa mzima, ukaanguka ndani.

Hamsini na sita kwa hamsini na tano, na sekunde sita zikaisha hivyo hivyo. Refa aliondoa kofia akauliza imekuwaje, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjibu.

Jumatatu benchi lilijaa mapema, maana ushindi lazima uchambuliwe. Refa alianza vizuri: ukabaji bado mbovu, robo ya tatu walilala, kocha alichelewa kubadilisha wachezaji. Alipofika kwa namba nane akasita, akamtazama Takwimu. Takwimu akasoma: miwili kati ya miwili. Kwa miaka yote ya benchi lile, sidhani kama tuliwahi kukosa la kulaumu.

Binti mwenyewe akatokea langoni na mpira kwapani. Tulimpisha akakaa katikati, Shangazi akamwagia kahawa. Refa alikuwa na swali lililomnyima raha tangu Jumamosi. Alitaka kujua, pale mstarini, wale wa mabasi mawili walimwambia neno gani zito kuliko yote, ili alichukue alitumie kwenye mazoezi ya fainali.

Binti alifikiri, kikombe mdomoni.

"Kwani walizomea, mjomba?" aliuliza. "Mimi nilikuwa nasubiri waanze."