Magurudumu Yasiyoteleza

Jumapili, 7 Septemba

Nimeshindwa. Mbele ya watu. Na Hamse!

Roboti yangu inaitwa Kamanda. Kilo kumi, mota mbili za waipa za lori, na chuma cha mbele nimekinoa kwa mkono wangu. Nikabonyeza rimoti. Magurudumu yakazunguka, kelele ikatoka, na Kamanda akabaki palepale kama mtu anayekimbia ndotoni. Roboti ya Hamse inaitwa Nirig, yaani ndama wa ngamia kwa Kisomali. Ikaja polepole, bila haraka yoyote, ikamsukuma Kamanda hadi akaanguka nje ya jukwaa. Mara tatu. Na hayo yalikuwa mazoezi tu.

Pambano lenyewe ni Jumamosi, hapohapo kwenye chuo cha ufundi tulikofanyia mazoezi. Madam Gacheri, mkuu wa chuo, ametangaza kwamba atakayeshinda ndiye atakayefundisha darasa jipya la roboti. Mwalimu! Kazi ya kudumu, dawati, ufunguo wa karakana. Nimetengeneza redio hapa Isiolo miaka kumi na tisa. Siku hizi nani analeta redio? Wiki iliyopita nilitengeneza tochi moja, na ilikuwa yangu. Kagendo, mke wangu, tayari amempigia mama yake simu na kumwambia mkwe wake ni mwalimu. Kwa hivyo lazima.

Baada ya aibu hiyo Hamse akaja akanishika mkono. Yeye ana duka la matairi pale malori yanaposimama. Akasema pole mzee, Kamanda ana nguvu kuliko Nirig, ni magurudumu tu hayashiki. Mzee! Nina miaka arobaini na nne, yeye ana thelathini na nane! Nilitabasamu mpaka meno yakaniuma.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeanza na silikoni, ile ya kuziba madirisha. Nimepaka magurudumu yote manne, nikaacha yakauke. Lo, kushika! Kamanda alipanda meza ya Kagendo iliyoinamishwa kama mbuzi anavyopanda jabali. Nikapiga kelele ya furaha. Dakika ya nne silikoni ikaanza kubanduka vipande vipande. Dakika ya sita Kamanda alikuwa anazunguka juu ya plastiki tupu tena.

Nikakata akala ya zamani, kiatu cha tairi, nikafunga raba yake kwenye magurudumu. Hiyo itadumu mpaka kiama. Lakini ni ngumu kama kichwa cha mjomba wangu, na inateleza vivyo hivyo. Kwa hivyo kinachoshika hakidumu, na kinachodumu hakishiki. Nani alitengeneza dunia namna hii? Nimerusha akala ukutani. Ikadunda, ikampata Kagendo.

Meza yake ina mistari minne meusi. Ameniuliza kama itatoka. Nimesema itatoka. Haitatoka.

Jumanne, 9 Septemba

Leo nimefanya upelelezi. Nimetoboa tairi ya baiskeli yangu kwa msumari, nikaisukuma mpaka kwa Hamse nikiwa na uso wa huzuni. Ujanja mtupu! Mteja hawezi kufukuzwa.

Akanikaribisha kiti. Akaniletea chai ya maziwa yenye iliki kabla sijaomba. Akaziba pancha, akakataa malipo. Halafu, bila kuulizwa, akanionyesha magurudumu ya Nirig. Tyubu ya lori, akasema, ile laini ya ndani. Unaikwaruza kwa msasa, unaikwaruza na gurudumu lenyewe, unapaka gundi ya pancha pande zote mbili, unangoja ikauke kidogo, ndipo unabandika na kuifunga kwa kamba siku nzima. Ikiisha, unabandika nyingine. Kabla ya kila pambano unafuta vumbi kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo. Basi.

Basi! Ananiona mimi ni mtoto? Mtu gani anampa adui siri yake pamoja na chai? Cha bure kina mwenyewe. Nimerudi nyumbani kwa hasira. Nimewaza njia nzima, na nimegundua: hayo ya tyubu ni kunizuga tu. Siri iko kwenye kitambaa.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekipata kitambaa cha Hamse. Sitaandika nilivyokipata. Nilikiacha kwenye kiti nikaenda kutafuta kioo cha kukichunguzia, na niliporudi kilikuwa kimeanikwa kwenye kamba, cheupe, kinanukia sabuni. Kagendo amekifua pamoja na shuka! Nimemfokea. Akasema kilikuwa kichafu na kilikuwa na vumbi tu. Vumbi tu! Mwanamke amefua ushahidi.

Nimetoka nje kutuliza moyo na nikakutana na Isacko, yule Mborana anayeleta gundi ya migunga kutoka Kulamawe kwa magunia. Nimeshika bonge moja lililokuwa limelainika kwa jua. Vidole vikagandana. Nikavuta, vikagoma. Nikasimama hapo katikati ya soko nikiangalia mkono wangu, nikajua Mungu amenikumbuka. Wao Wasomali na matairi, sisi na akili!

Nimechukua kilo mbili. Isacko akauliza ni za nini. Nikasema ni za kazi. Akasema sawa, lakini fundi, hii isikae karibu na maji, maji ndiyo adui yake. Nimecheka kwa sauti. Maji? Hapa Isiolo? Mfereji wetu umetoa upepo tangu Julai.

Alhamisi, 11 Septemba

Siku ya kazi ngumu. Gundi ikikauka inakuwa kama kioo, inapasuka. Ilibidi niichemshe na maji kidogo ndipo ilainike, na nikaongeza asali ya Kagendo ili isikauke kabisa. Yote. Nimechovya magurudumu mara saba, kila mara nikianika juani. Sisimizi wakaja. Nikawafukuza. Mbuzi wa jirani akaja, akalamba gurudumu la nyuma mpaka plastiki. Mbuzi huyo nimemkimbiza hadi barabarani na mwiko mkononi, na wakulima kutoka Burat waliokuwa wanapita na mboga wakasimama kutazama. Nimechovya tena mara saba.

Jaribio: nimeegemeza bati kwenye ukuta. Kamanda amepanda mpaka juu, akaning'inia! Nilimbandua kwa mikono miwili. Inashika na inadumu, vyote viwili! Nimemwita Kagendo aone. Amesema ni vizuri, na asali iko wapi.

Shida moja tu. Nilipomtembeza uani, gundi iliokota vumbi lote la Isiolo. Hatua kumi na magurudumu yakawa kama mandazi yaliyoviringishwa kwenye unga, yanateleza kuliko zamani. Na jukwaa la chuo lina vumbi kiasi cha kupanda maharagwe. Nimekaa chini nikatukana vumbi kwa Kimeru, kwa Kiswahili na kwa Kiborana kidogo ninachokijua.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimeamka na jibu! Kila mtu mjini hapa anajua dawa ya vumbi. Mama yangu alifanya hivyo kila asubuhi, Kagendo hufanya, kila mwenye duka hufanya: unanyunyiza maji, vumbi linalala, unafagia. Jukwaa likinyunyiziwa, vumbi kwisha. Na kuna utamu zaidi. Raba ya tyubu juu ya mbao zenye maji ni utelezi mtupu, mimi mwenyewe nimeanguka na pikipiki ya watu mvua ya Aprili. Kwa jiwe moja namuua Hamse na vumbi lake!

Nimemwandikia Madam Gacheri barua ya kurasa mbili kuhusu vumbi na vifua vya wanafunzi. Nimetaja pumu mara tano. Akaisoma yote mbele yangu, akasema hakuna mtu mwingine aliyefikiria afya ya watoto. Amekubali jukwaa linyunyiziwe kabla ya kila pambano. Nikajitolea kunyunyiza mimi mwenyewe. Akasema huo ndio moyo wa mwalimu.

Moyo wa mwalimu! Nimemwambia Kagendo apige pasi suti yangu.

Jumamosi, 13 Septemba

Sitaki kuandika.

Naandika. Watu walikuwa zaidi ya mia mbili. Nilivaa suti. Nilinyunyiza jukwaa kwa kopo, kisha nikaona upande wa Hamse haujalowa vya kutosha, nikamwaga ndoo. Maji yakaenea kote. Hamse akafuta magurudumu ya Nirig kwa kitambaa, kingine, akanipa mkono, akasema kila la heri mzee.

Filimbi. Kamanda akaruka mbele. Hatua moja, mbili, tatu! Nirig akateleza, akazunguka kama mlevi, na mimi nikapiga kelele kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ndipo nikaona ute mweupe nyuma ya Kamanda. Gundi ilikuwa inayeyuka kama uji. Magurudumu yakazunguka ndani ya uji huo, povu likatoka, na Kamanda akasimama katikati. Jua la saa saba lilikuwa kali. Maji yakakauka. Uji ukakauka pia, na Kamanda ndani yake. Nilibonyeza rimoti mpaka kidole kikafa ganzi. Mota zikatoa moshi.

Nirig alipopata miguu alikuja kumsukuma. Hakuweza. Hakuna roboti duniani ambayo ingeweza kumsogeza Kamanda. Alishika kuliko kitu chochote kilichowahi kushika, na mwamuzi akahesabu hadi kumi kwa sababu roboti isiyosogea imeshindwa.

Isacko alikuwa mstari wa mbele. Hakucheka. Aliangalia ndoo mkononi mwangu, akasema taratibu, "Fundi, si nilikuambia maji?"

Wamembandua Kamanda kwa tindo. Sisimizi walikuwa wameshafika.

Kagendo alinishika mkono njiani, na hilo ndilo lililonichoma. Nilitaka ile kazi. Nilitaka kutoka asubuhi nikiwa na mahali pa kwenda, na yeye alijua, na mama yake alishaambiwa. Ningepiga kitu teke lakini viatu vilikuwa vya kuazima.

Jumapili, 14 Septemba

Tumerudi kutoka kanisani tukamkuta Hamse mlangoni kwetu. Amekuja na sukari na majani ya chai, kama mtu anayekwenda matangani. Akamsalimia Kagendo kwa heshima, akauliza habari za watoto, akakaa.

Kisha akasema darasa ni lake lakini anajua raba tu. Mambo ya nyaya hayajui. Nirig alifungwa nyaya na binamu yake ambaye amerudi Gotu. Amemwomba Madam Gacheri nafasi ya mwalimu wa pili, wa umeme, na Madam amekubali, jina langu tu ndilo linalongojwa kesho.

"Njoo tufundishe pamoja, Mzee Mwenda," akasema. "Bila wewe nitawachoma watoto wa watu."

Kagendo alifunika uso kwa leso. Alifurahi mpaka akasahau kumwekea chai sukari. Mimi nikasema nitafikiria.

Nafikiria. Mtu aliyeshinda anamtafutia kazi aliyeshindwa? Kwa nini? Anataka nini? Mchana wote nimetembea uani nikijiuliza, na kila nikiuliza hasira inapanda. Ile chai. Ile pancha ya bure. Pole mzee. Mtu huyu ana jambo, na kesho nitalifichua.

Jumatatu, 15 Septemba

Ushindi! Hatimaye!

Saa mbili kamili nilikuwa ofisini kwa Madam Gacheri, suti na barua. Kurasa tatu. Nimemweleza kwamba Hamse hafai kuaminiwa na darasa, kwa sababu anagawa kazi za chuo kwa watu walioshindwa mbele ya umma. Nimetoa mfano. Kwamba amemchagua mtu ambaye roboti yake ilibanduliwa kwa tindo. Kwamba mtu huyo alimwaga ndoo nzima ya maji juu ya gundi aliyoambiwa isiguswe na maji. Je, huyo ni wa kufundisha watoto?

Madam aliweka barua mezani. Akaniuliza kama mtu huyo si mimi. Nikamwambia ndiyo, Madam, na ndiyo maana ushahidi ni wa kuaminika. Nilimwambia yote, hata kile kitambaa.

Akasema nimemshawishi. Akafungua faili, akakata nafasi ya mwalimu wa pili kwa kalamu nyekundu, akasema Hamse atatafutiwa fundi wa umeme kutoka Meru. Hamse alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wa pili wa karakana. Alisikia kila kitu. Uso ulimwanguka, akauweka ufunguo mezani, akaondoka bila kuniita mzee. Mara ya kwanza!

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Kagendo alikuwa ameshanifungia chakula cha mchana cha kwenda nacho kazini, kimefunikwa vizuri kwa kitambaa. Akauliza naanza leo au kesho. Nimemwambia hakuna kazi tena, lakini Hamse nimemweza.

Amekaa chini na bakuli mapajani, analia. Mume ameshinda, mke analia. Wanawake hawaeleweki kamwe.