Salamu ya Maneno Mia Tano

Guelor alikuwa kwenye kiti cha kinyozi Désiré, kichwa kimenyolewa nusu, redio ilipotangaza habari iliyombadilishia maisha kwa muda wa siku tisa. Mtaalamu mmoja alieleza kwamba ile programu inayofunga ujumbe wa watu unapopita mtandaoni, ili asiyehusika asiusome, imegundulika kuwa na tundu. Mashine mbili zikiongea, alisema, moja humsalimia mwenzake kujua kama bado yuko hai: nirudishie neno hili. Sasa mjanja akituma neno moja huku akidai ni maneno mia tano, mashine haihesabu. Inarudisha lile moja, kisha inajaza pengo kwa chochote kilichomo tumboni mwake: barua za watu, namba za siri, hata funguo zenyewe. Dawa yake, alimalizia, ni kuweka programu mpya, na ni bure.

Hilo la mwisho Guelor hakulisikia. Au tuseme alilisikia, akaona halimfaidii mtu yeyote. Aliruka kwenye kiti na nusu ya nywele zake, na kwa siku zilizofuata alieleza kuwa wataalamu wote wa Johannesburg hunyoa hivyo.

Kesho yake alitandika meza kwenye avenyu moja ya komini iitwayo Kenya, mtaa wa mjini kwao, si ile nchi: kompyuta isiyowaka, tai nyekundu, na gundi ya kuzibia matairi ya baiskeli. Watu walipojaa, alimwita mbele Mama Julienne, muuza makaa.

"Mama, nikisema yambo, unijibu neno moja tu. Yambo."

"Yambo," akajibu Mama Julienne.

"Sasa unijibu maneno mia tano."

"Yambo, tuko bazima, njo vile Kapinga iko anabakia na sufuria yangu tangu Pasaka, na bwana yake anasema anatumika kazi mu mugodi ya Kinsevere, kumbe mi nilimuona..."

Guelor alimkatiza hapo, kwa sababu Kapinga mwenyewe, aliyesimama katikati ya watu, alikuwa ameshavua kiatu. Lakini somo lilieleweka. Chuo kikuu kingetumia mihula miwili. Avenyu ilielewa kabla maharage hayajachemka.

Aliuza huduma mbili. Ya kwanza ni kuziba tundu la simu yako. Ya pili aliitaja kwa sauti ya chini: kabla ya kuziba, angeweza kukuchotea yaliyokwisha kuvuja kwenye simu ya jirani. Ya kwanza ilipata wateja wawili. Ya pili ilinunuliwa na avenyu nzima. Simu kumi na nne ziliingia kwenye mfuko wake mkubwa, pamoja na karatasi yenye namba zote za siri, kwa ahadi kwamba zitarudi Jumamosi. Mpaka siku hiyo, alionya, mtu asisalimie zaidi ya neno moja, maana ugonjwa huu unaambukiza. Basi avenyu ile, ambayo kawaida humaliza nusu saa kuulizana walivyoamka, ikawa inapita kimya: "Yambo, neno moja." "Yambo." Hata kwenye kilio watu walimwambia mfiwa "pole", wakakaa.

Mpango wa Guelor ulikuwa kupanda bisi ya abiria, ya kwanza ya Ijumaa, kwenda Kasumbalesa mpakani, mahali ambapo simu haiulizwi wazazi wake. Ila chumba chake cha kupanga hakikuwa na kufuli nzuri, na siku hizi watu si waaminifu. Akauweka mfuko kwa Désiré, wakakubaliana neno la siri: asiyelijua asipewe.

Alhamisi mchana Mama Honorine, wa avenyu hiyo hiyo, alirudi kutoka shambani, akakuta mume wake, Papa Léonard, ametoa simu ya mkewe ikazibwe. Simu hiyo ndiyo binti yao Gracia, aliyekuwa mbali huko Lukafu na mimba ya miezi tisa, angeipigia. Namba nyingine hakuijua kwa kichwa.

"Léonard, mutoto akiita, nani atamujibu?"

"Pole," akasema Papa Léonard. Neno moja.

Mama Honorine aliogopa, lakini hakupiga kelele. Miaka thelathini alikuwa mpokea simu wa reli, vidude masikioni, na kazi hiyo ilimfundisha kwamba watu huogopa waya ulio kimya. Alimkuta Guelor chumbani mwake anakunja mashati, akavuta kigoda.

"Yambo, mwana."

"Yambo, mama."

"Mama yako iko?"

"Iko muzima."

Mama Honorine hakuongeza kitu. Guelor alivumilia muda wa kumeza mate.

"Iko Kasumbalesa," akasema.

Kimya. Akaeleza kuwa mama yake anauza unga, kwamba mguu unamuuma, kwamba angemwona kesho na bisi ya kwanza. Kimya. Maisha yake yote Guelor hakuwahi kukutana na msikilizaji asiyebisha wala kushangilia, na sasa alimwagika. Mfuko haukuwa chini ya kitanda, Mama Honorine asihangaike kuangalia; uko kwa yule aliyemnyoa nusu, naye hautoi hata kwa askofu bila neno la siri, na neno lenyewe hakuna anayeweza kulibuni, kwa sababu ni jina la mbuzi aliyemnywesha maziwa utotoni.

"Mbuzi?" akauliza Mama Honorine.

"Bijou," akasema Guelor, macho yamemlowa. "Ilikuwa mbuzi muzuri sana, mama."

Mama Honorine alikubali kuwa bila shaka alikuwa mzuri, akaaga. Guelor alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetoka kuungama.

Désiré alisikia neno, akatoa mfuko. Njiani simu moja ikalia ndani yake. Mama Honorine akapekua simu kumi na nne katikati ya barabara, pikipiki zikimzunguka, mpaka akapata yake, akapokea: mtoto ni wa kike, na Gracia mzima. Alilia pale pale bila aibu. Avenyu ilipomuuliza kuna nini, aliwapa maneno yasiyopungua mia tano, nao wakajibu yote, na salamu zikapona siku hiyo hiyo. Kisha akarudisha mfuko kwa Désiré, mzito vilevile.

Ijumaa Guelor alisema "Bijou", akaupima kwa mkono, akakimbilia bisi. Nyumba za mwisho za mji zilipopita, aliufungua. Vipande kumi na vinne vya sabuni ya kufulia, na kikaratasi:

"Mi nilisema yambo tu. Bingine byote ulijaza we mwenyewe."

Alikisoma mara tatu. Baba mmoja aliyekaa kando yake akamsalimia, akamuuliza kama mama yake iko.

"Iko muzima," akasema Guelor, akakaza midomo.

Yule baba hakuongeza kitu. Alikuwa anatafuta usingizi tu. Bisi ikaenda, kimya kikakaa katikati yao.

"Iko Kasumbalesa," akasema Guelor.