Bonge, Baragumu na Mimi

Jumatatu, 1 Agosti 2005

Nimedharauliwa. Tena na shemeji yangu, mbele ya wateja!

Ernesta, mke wa kaka yangu, ndiye mwenye kibanda cha kompyuta hapa Bombo. Kompyuta sita za mtumba, jenereta moja lenye kikohozi, na msimamizi mmoja: mimi, Gideoni. Leo ametangaza kwamba huku mlimani wateja ni wachache mno. Kule chini kwenye shamba la mkonge kuna umeme wa uhakika na vijana wengi, na Ikupa amemwomba azihamishie kompyuta huko. Ikupa! Binti wa mkata mkonge aliyetoka Tukuyu. Mwekezaji alipolichukua shamba akapunguza watu, na mimi, karani wa stoo, nikapunguzwa wa kwanza. Kiti changu akapewa yeye. Sasa anakitaka na hiki.

Basi shemeji kaamua. Siku ya Nanenane timu ya shamba itapanda kucheza na timu ya Bombo ule mchezo wa kompyuta wa kugombea daraja, watatu kwa watatu. Wakishinda, kompyuta zinateremka. Tukishinda, zinabaki. Sikuulizwa. Nikasema ni sawa tu, kwa sauti ya mtu asiyejali. Nikiikosa na kazi hii nitarudi kupalilia kahawa ya baba, na majirani watanisalimia kwa huruma. Siwezi kuvumilia kusalimiwa kwa huruma.

Timu yetu ni Mwalimu Eliaichi wa shule ya msingi, Lukasi fundi baiskeli, na mimi. Nimejiteua mdunguaji. Mdunguaji anakaa juu ya mnara, mbali, safi, analenga mmoja mmoja. Kazi ya mtu mwenye akili.

Jumanne, 2 Agosti

Si mdunguaji! Mdunguaji ni Lukasi. Eliaichi ni mganga, anakimbia na mkoba akitibu majeruhi. Mimi nimeachiwa Bonge.

Bonge ni pande la mtu lililovaa chuma, lina ngao pana na nyundo. Bunduki hana. Kazi yake ni kutangulia darajani apigwe risasi yeye ili wenzake wasipigwe. Nikauliza Bonge anapata nini. Eliaichi akasema timu inapata daraja. Nikauliza tena, taratibu, kama ninavyomweleza mtu mgumu wa kuelewa: Bonge mwenyewe anapata nini? Akawasha mchezo. Walimu wa siku hizi!

Nikauliza kwa nini mimi. Eliaichi akasema mkono wangu ni mzito kwenye kipanya, na Bonge hahitaji wepesi. Lukasi akaongeza kwamba hata umbo tunafanana. Huyo Lukasi ndiye aliyenitengenezea breki mwezi wa tano, nikaishia kwenye migomba ya kanisa.

Tumefanya mazoezi. Nimekufa. Nimefufuka, nimekufa. Mara moja nilikwenda kinyumenyume nikatumbukia mtoni na ngao yangu. Mchezo wa kijinga.

Jumatano, 3 Agosti

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Alfajiri Mzee Rubeni wa mfereji kapuliza baragumu, na kijiji kizima kikaenda na majembe kuzibua mfereji. Mimi nilivuta blanketi. Tangu nizaliwe baragumu halijawahi kuniinua kitandani. Watu wanakimbilia matope kwa sababu ya pembe ya mnyama, halafu wanajiita wameendelea.

Nilifika makande yalipokuwa yanapakuliwa, ndio wakati wangu. Nikamwamkia Mzee Rubeni shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanijulisha kwamba jogoo wangu amechukuliwa kuwa faini. Kumbe alikuwa ndani ya makande, na nilikuwa nimeanza kumla.

Eliaichi, matope hadi magotini, akapata nafasi ya kunihubiria. Akasema Bonge ni kama wale wanaobeba mawe mbele kwenye msaragambo. Wao wakitoroka, walio nyuma wanasombwa. Nikamwambia hapo ndipo kasoro ya msaragambo ilipo. Nikaongeza makande.

Alhamisi, 4 Agosti

Nimegundua siri ya Bonge! Nimeigundua peke yangu, bila mwalimu.

Kuna kona nyuma ya ghala, kushoto kwa daraja. Ukimwingiza Bonge pale na kuweka ngao mbele, hakuna risasi inayomfikia. Leo tulicheza na vijana wa kwaya, na sikufa hata mara moja. Hata mara moja! Lukasi na Eliaichi walikufa mfululizo, jambo linaloonyesha tofauti ya vipaji.

Tumefungwa. Eliaichi alivua visikilizio vyake, akavikunja waya taratibu, akasema kwamba Bonge aliye hai konani ni sawa na Bonge asiyekuwepo. Nadhani ni wivu. Shemeji alikuwa mlangoni na akaona kila kitu. Akaanza kuuliza kwa sauti ni wapi yanapatikana maboksi ya kufungia kompyuta.

Jumamosi, 6 Agosti

Nimekwenda upelelezi. Nimeteremka shambani na mkungu wa ndizi begani, kwa hila: nampa Ikupa zawadi, analegea, anatoa siri za timu yake.

Amenipokea ndani ya stoo yangu. Vitu vyote amevihamisha! Magunia ya kamba yaliyokuwa kulia yako kushoto, na sasa yanaonekana yote, jambo ambalo halikuwa lazima. Akanikaribisha chai kwenye kikombe changu cha zamani, kile chenye sikio lililovunjika, na akaniita Mzee Gideoni. Mzee! Mimi nina miaka arobaini na mmoja.

Nikamuuliza, kwa ujanja, yeye anacheza nani. Akasema Bonge. Nikacheka, nikasema pole. Akasema anampenda Bonge kuliko wote, na akaanza kunifundisha bila kuombwa. Eti kosa la wengi ni kuwatazama maadui. Bonge anatazama nyuma: wenzake wako wapi, nani kaumia, nani kabaki. Ukijua walipo, utajua pa kusimama.

Ujanja wa kitoto. Anataka niangalie nyuma ili anipige mbele! Nikamshukuru kwa heshima zote. Nilipokuwa nanyanyuka, king'ora cha saa sita kikalia, na wafanyakazi wote wakaacha walichoshika wakatoka, kama enzi zangu. Njiani kupanda mlima nilijisikia vibaya kidogo, sijui kwa nini. Kikombe kile nilikinunua mwenyewe.

Jumapili, 7 Agosti

Ibada ndefu. Mchungaji alikuwa bado kwenye utangulizi nilipopata wazo. Wazo kubwa! Nilishika kitabu cha nyimbo juu chini hadi mwisho.

Hesabu yangu ni hii. Baragumu likilia siku isiyo ya msaragambo, maana yake ni moja: ndiva imepasuka. Ndiva ni bwawa letu, linakusanya maji ya mfereji na kuyashikilia kwa ajili ya mashamba. Kesho ni sikukuu, halitafunguliwa, litakuwa limejaa pomoni. Alfajiri nitakilegeza kizibo chake kidogo tu. Maji yatachuruzika, Mzee Rubeni ataona, atapuliza, na mchezo utakuwa umepamba moto.

Nani atakimbia? Wageni! Watu wa shamba wamekuja kutoka kila pembe ya nchi, wako kwetu, wataogopa faini zetu. Mtu wa Bombo hatishwi na baragumu. Najua, maana mimi ni mtu wa Bombo na halijawahi kunitisha. Watabaki wetu watatu, daraja litakuwa tupu, na kazi yangu itabaki yangu.

Nimejitazama kwenye kioo. Uso wa mtu mwenye mipango.

Jumatatu, 8 Agosti. Nanenane

Sina hali. Naandika kwa mpangilio.

Alfajiri nilikwenda kwenye ndiva. Kizibo kilikuwa kigumu. Nilikivuta kidogo, hakikuja. Nikaweka miguu ukutani nikavuta kwa nguvu, kikaja chote. Maji yakanibeba mpaka kwenye maharage ya watu. Nikajaribu kukirudisha, kikaenda na maji. Nikaenda nyumbani kubadili nguo. Ningefanya nini?

Kibanda kilijaa. Ikupa na wenzake wawili walipanda na lori, wakasalimia kila mtu kwa adabu, wakaketi. Tulianza. Nitasema ukweli: wanacheza vizuri kupita kiasi. Tulikuwa tunasukumwa nyuma, na mimi nilikuwa nishaanza kunyemelea kona yangu. Ndipo likalia. Baragumu!

Niliwageukia wageni nione wanavyochomoka. Hawakuchomoka. Mmoja wao akauliza kama kuna harusi.

Waliochomoka ni wangu. Eliaichi aliruka kiti bila kuvua visikilizio, na waya ukaja naye. Lukasi alipitia dirishani. Watazamaji wote, kwaya yote, shemeji na kitenge chake mkononi, wote! Kibanda kikabaki na mimi na watu watatu wa shamba. Watu wa kwetu hawana msimamo hata kidogo.

Sikuwa na pa kukimbilia, kona ilikuwa imeshikwa. Nikamsimamisha Bonge katikati ya daraja, ngao mbele. Wakanipiga. Nikasimama. Wakanipiga tena. Nilitazama nyuma, mara ya kwanza tangu nianze mchezo huu, na hakukuwa na mtu: mdunguaji na mganga walikuwa wameshauawa bila mwenye kuwachezesha. Jambo hilo liliniuma, sijui niseme vipi. Nyuma yangu palikuwa peupe kabisa.

Kisha sauti ya shemeji ikasikika bondeni, ndiva imepasuka, maji yanakwisha. Ikupa akaachia kipanya. Akaniuliza kama ni maji ya yale maharage waliyoyapita. Nikasema ndiyo, lakini tuendelee. Akanitazama, akawaambia wenzake twendeni, na wakatoka wote watatu wakikunja suruali.

Nikaendelea. Maadui walikuwa wamesimama tu, kwa hiyo niliwapiga nyundo mmoja baada ya mwingine kwa ustadi. Daraja likawa letu. Maandishi ya ushindi yakatokea kwenye kioo, makubwa, ya rangi ya dhahabu! Nikapiga makofi. Hapo hapo jenereta likazima kwa kukosa petroli. Anayeongeza petroli ni msimamizi.

Nilikwenda kwenye ndiva kutoa habari njema. Nilikuta wamepanga mstari na mawe, watu wa Bombo na watu wa shamba, na aliyekaa kwenye tundu lenyewe, mgongo ukizuia maji huku wengine wakishindilia udongo, alikuwa Ikupa. Anajipendekeza. Nilipotangaza ushindi, hakuna aliyegeuka. Makande yalikuwa tayari, lakini nilipokwenda na sahani mpakuaji aliangalia pembeni.

Jumanne, 9 Agosti

Wamegundua. Kandambili yangu imekutwa imenasa chini ya tundu la ndiva. Kijiji kizima ni mimi peke yangu ninayevaa moja nyekundu na moja ya bluu, kwa hiyo walihitimisha haraka, bila uchunguzi wa kina.

Wazee wamekaa. Mzee Rubeni kasema robo tatu ya maji imepotea na maharage ya bondeni yatakauka. Nikaeleza kwamba nilikuwa napigania maendeleo ya kijiji. Hukumu: mpaka ukuta utakapomalizika, kila asubuhi nitakaa mimi kwenye tundu, maana mwili wangu unalitosha. Lukasi alicheka mpaka akakalia majani. Kwa hiyo sasa watu wazima wananiita Bonge, na watoto wananiamkia shikamoo Bonge.

Shemeji akasimama kusema kompyuta zinateremka. Aliyemzuia ni Ikupa, aliyepanda tena kusaidia ukuta. Akasema mchezo wa jana haukuisha, kwa hiyo hawezi kuchukua kitu ambacho hakukishinda. Turudiane Jumamosi, kwao shambani, kwa masharti yale yale. Eliaichi akamshika mkono, akalia kidogo. Mimi nikakumbusha kwamba ushindi upo, umeonekana kwenye kioo. Wakauliza umeonekana na nani.

Alhamisi, 11 Agosti

Asubuhi tunduni. Maji ya mlimani ni baridi jamani! Eliaichi yuko nyuma yangu na udongo, Lukasi na mawe, na wananiambia nikiegemea kushoto wanapata nafasi ya kuziba. Nikaegemea. Pakazibika. Eliaichi akafurahi kupita kiasi, akasema sasa nimeelewa, hivyo ndivyo anavyochezwa Bonge. Sikuelewa anazungumzia nini. Nilikuwa nafikiri mambo makubwa zaidi.

Nimeona tatizo la Nanenane lilikuwa wapi. Wazo lilikuwa sahihi, chombo ndicho kilikuwa kibaya. Baragumu ni la watu wa hapa. Lakini Jumamosi tunacheza shambani, na shambani kuna king'ora! Kikilia, mtu wa shamba anaacha kila kitu. Swichi yake iko kwenye chumba nyuma ya stoo, na kitasa cha chumba hicho hakijawahi kufunga tangu enzi zangu. Nitaifunga swichi kamba, kamba nitaipitisha dirishani mpaka kitini kwangu. Nikivuta, Ikupa na wenzake wanachomoka. Wetu hawakijui king'ora, watabaki vitini wote watatu. Hakuna kasoro hata moja. Nimeikagua mara mbili.

Leo saa sita nilikuwa nimejilaza. King'ora kikasikika kwa mbali kutoka tambarare, upepo ulikileta. Nilipotahamaki nilikuwa nje, viatu mguuni, shati limechomekewa, nusu ya njia ya kuelekea barabarani. Ni mazoea ya miguu tu. Hayahusiani kabisa na mpango wangu.